Mwenye lupasi ya figo anataka kubeba mimba: dawa zipi ziachwe, zipi zibaki?

Mkunga_Mkata

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada, hasa kwa mlio idara za viungo, figo na wanawake.

Mteja amekuja leo kitengo cha uzazi wa mpango atolewe kijiti cha mkononi, anatafuta mtoto. Umri 28, uzito kilo 58. Ana lupasi (kinga ya mwili kushambulia mwili wenyewe), iligunduliwa miaka minne iliyopita ikiwa imeshagusa figo (kinyama kilichukuliwa, majibu yanasema daraja la IV, yaani vichujio vingi vya figo vimeguswa). Anatumia haidroksiklorokwini 200 mg asubuhi na jioni, mikofenoleti (ya kutuliza kinga) gramu 1 mara mbili, prednisoloni 5 mg na enalaprili (ya presha) 10 mg. Presha 124/78. Mkojo kwa kijiti cha kupimia: protini +1, damu hakuna. Kabla ya ugonjwa kugunduliwa alishika mimba moja ikaharibika wiki ya 11, na utrasaundi ya wiki ya 10 ilikuwa imeonyesha moyo unapiga vizuri.

Upande wa mume wanamwambia akishika mimba tu aache dawa zote zisimdhuru mtoto. Mwenzangu hapa kituoni anasema mwenye lupasi ya figo hatakiwi kuzaa kabisa. Kijiti sijakitoa, nimemwomba arudi wiki ijayo. Nimweleze nini, niandike nini kwenye rufaa, na akishabeba sisi wa kituo cha afya tuangalie nini kila hudhurio?

DktViungo

Umefanya vyema. Kijiti kibaki mkononi mpaka mambo matatu yakamilike: mikofenoleti itoke, dawa mbadala ithibitike kwamba inamudu figo, na ugonjwa uwe umetulia miezi 6 mfululizo. Kwa huyu hesabu yake inaweza kufika miezi 6 hadi 9 tangu leo. Mwambie hivyo waziwazi, asije akadhani anazungushwa.

Mwenzako amekosea, ingawa zamani ndivyo tulivyofundishwa. Utafiti wa PROMISSE uliochapishwa 2015 ulifuatilia wajawazito 385 wenye lupasi, na 81 kwa kila 100 walimaliza mimba bila tatizo kubwa. Ila soma masharti: waliingizwa wanawake ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia au mwepesi, kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo zinavyochuja) isiyozidi 1.2 mg/dl, protini ya mkojo isiyozidi 1,000 mg/g. Ukichukua wanawake wote, wakiwemo walioshika mimba ugonjwa ukiwa moto, picha inabadilika. Uchambuzi wa 2010 uliojumlisha mimba 2,751 ulikuta njiti 39 kwa kila mia, na ugonjwa kuamka kwa robo ya akina mama. Kwa hiyo swali la kumpima nalo ni kwamba figo zake zilikuwaje siku yai linapotungwa. Jina la ugonjwa peke yake halikuambii kitu.

Hiyo +1 usiipite. Kijiti cha mkojo kinasoma ukolezi tu. Mkojo mzito wa asubuhi unaweza kuonyesha +1 kwa mtu mzima kabisa, na mkojo mwepesi ukaficha ugonjwa. Omba uwiano wa protini na kreatinini kwenye mkojo. Tunataka uwe chini ya 500 mg/g (kwa maabara zinazotoa mg/mmol, chini ya takriban 50), hadubini isionyeshe chembe nyekundu wala vigae vya chembe nyekundu (chembe zilizogandamana ndani ya figo), na kreatinini itulie pale ilipo. Namba hiyo iandikwe kabla ya mimba, kwa sababu bila ya kulinganisha nayo, wiki ya 28 hakuna atakayejua protini ya 900 ni mpya au ni ya siku zote.

Kwenye rufaa omba: picha kamili ya damu pamoja na chembe sahani, kreatinini, vimeng'enya vya ini, C3 na C4 (protini za kinga, hushuka lupasi ikiwaka), kingamwili za dsDNA (hupanda lupasi ikiwaka), kingamwili za Ro na La (zinaweza kugusa moyo wa mtoto), na seti ya antifosfolipidi (kingamwili zinazogandisha damu) yenye vipimo vitatu: lupasi antikoagulanti, antikadiolipini, na antibeta-2 glaikoprotini I. Ro na La hupimwa mara moja, zikiwepo zipo. Antifosfolipidi ikija chanya inarudiwa baada ya wiki 12, kwa sababu maambukizi ya kawaida yanaweza kuipandisha kwa muda. Lupasi antikoagulanti isipimwe mtu akiwa kwenye heparini au wofarini (dawa za kuzuia damu kuganda), jibu litadanganya.

Ule ujauzito wa wiki 11 ndio unaonitia shaka kuliko yote uliyoandika. Kwa vigezo vya Sydney vya 2006, kifo kimoja cha kijusi kisicho na kasoro kuanzia wiki ya 10 kinatosha kuwa dalili ya ugonjwa wa antifosfolipidi iwapo kipimo cha damu nacho ni chanya mara mbili. Na kati ya hizo tatu, lupasi antikoagulanti ndiyo mbaya zaidi kwa mimba. Akitoka chanya, mpango mzima unabadilika, atahitaji sindano za heparini.

Wapo wa kuwaambia wasibebe, au wasibebe kwa sasa: wenye presha kubwa ya mishipa ya mapafu (hawa vifo vya mama ni vingi mno), moyo ulioshindwa kazi, kreatinini inayozidi 2.8 mg/dl, kiharusi au ugonjwa kulipuka vibaya ndani ya miezi 6, na aliyepata kifafa cha mimba kikali akiwa tayari kwenye aspirini na heparini. Mteja wako kwa maelezo haya hayumo humo.

Mfamasia_Makorora

Naingia upande wa dawa, moja moja.

Mikofenoleti ndiyo ya kuogopwa. Mimba zilizoguswa nayo huharibika 45 hadi 49 kwa kila 100, na watoto 23 hadi 27 kwa kila 100 wanaozaliwa huwa na kasoro: masikio yasiyoumbika, mdomo na kaakaa lililopasuka, moyo. Iachwe angalau wiki 6 kabla ya kutafuta mtoto. Siyo siku kipimo cha mimba kinaposoma mistari miwili, maana kufikia hapo viungo vimeshaanza kuumbwa.

Nafasi yake inashikwa na azathioprini. Dozi haizidi 2 mg kwa kilo kwa siku, kwa kilo 58 ni kama 100 mg, vidonge viwili vya 50. Haianzwi yote siku moja: 50 mg kwa wiki mbili, picha ya damu na ini vikaguliwe, ndipo ipandishwe, kisha damu irudiwe baada ya wiki mbili nyingine na baadaye kila miezi mitatu. Kinachoharibika ni chembe nyeupe kushuka ghafla kwa watu ambao miili yao haiwezi kuivunja dawa hii. Akipewa alopurinoli ya gauti pamoja nayo ni hatari ileile, hata kama mwili wake ni wa kawaida. Baada ya kubadilisha, subirini miezi 3 mpaka 6 muone figo zinaipokeaje. Wapo ambao mikofenoleti ilikuwa inawashikilia na azathioprini haiwezi. Heri uligundue hilo kijiti kikiwa bado mkononi. Ikishindwa, takrolimusi inaruhusiwa kwenye mimba, ila inadai kupima kiwango chake kwenye damu na kuangalia presha na sukari.

Haidroksiklorokwini HAIACHWI. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu ndiyo ya kwanza kutupwa na ndugu, na wakati mwingine na sisi wenyewe wauza dawa kwa kusoma karatasi la ndani ya boksi. Mwongozo wa 2020 wa ACR, chama cha madaktari wa viungo cha Marekani, unataka kila mjamzito mwenye lupasi awe nayo isipokuwa ana sababu ya kukataza. Inapunguza ugonjwa kuamka, na inakaa mwilini muda mrefu sana, kwa hiyo kuiacha leo madhara yake yanaonekana wiki kadhaa mbele, katikati ya mimba, na hapo hakuna anayeunganisha.

Ila dozi yake naitilia swali. 400 mg kwa kilo 58 ni karibu 7 mg kwa kilo. Kiwango kinacholinda macho ni 5 mg kwa kilo ya uzito halisi, yaani kama 290. Vidonge ni vya 200 na havikatwi vizuri, kwa hiyo wengi hupangiwa viwili leo, kimoja kesho, wastani unakuwa 300. Asipunguze mwenyewe, daktari wake anaweza kuwa na sababu, na mwenye figo zilizotulia kwa shida si wa kuchezewa dozi karibu na mimba. Apimwe macho akiwa na nafasi.

Enalaprili: hapa kuna maoni mawili. Wengine wanaiondoa mapema. Madaktari wengi wa figo wanaendelea nayo hadi kipimo cha mimba kinaposoma, kwa sababu inazuia protini kuvuja, kwa sharti kwamba mama anapima kila hedhi ikichelewa siku chache tu. Kwa mteja anayeishi mbali na kituo ningeiondoa mapema. Ikibaki hadi miezi ya kati, figo za mtoto hazitengenezi mkojo, maji ya uzazi yanakauka, mapafu hayakui. Losartani ni hivyohivyo. Presha ikihitaji dawa kuna methildopa 250 mg mara tatu (hupandishwa), nifedipini ya kuachia polepole 20 mg mara mbili, au labetaloli.

Prednisoloni 5 mg inaendelea. Kondo la nyuma linaivunja sehemu kubwa kabla haijamfikia mtoto. Deksamethasoni haivunjwi hivyo, ndiyo maana inatumika kukomaza mapafu ya njiti na haifai kuwa mbadala wa kila siku. Prednisoloni ya 20 na kuendelea inaleta sukari, presha na chupa kupasuka mapema.

Nyingine kwa atakayesoma uzi huu akiwa na dawa tofauti: metotreksati iachwe mwezi 1 hadi 3 kabla, siklofosfamidi miezi 3. Leflunomaidi husafishwa kwa kolestiramini gramu 8 mara tatu kwa siku 11, la sivyo inakaa mwilini hata miaka miwili. Wofarini ibadilishwe kuwa heparini kabla ya wiki ya 6. Diklofenaki na ibuprofeni zisitumike kuanzia wiki ya 20. Maumivu ni parasetamoli.

Mkunga_Mkata

Ahsanteni sana. Hapo kwenye heparini sijaelewa akitoka chanya anachomwa lini na nani. Na aspirini je, kila mwenye lupasi au wa antifosfolipidi tu? Pia sisi mwenye mimba akifika wiki ya 13 tunampa SP (salfadoksini na pirimethamini, ya kukinga malaria). Mwenye lupasi anapewa?

Bingwa_Leba

Aspirini ni kwa kila mwenye lupasi, awe na antifosfolipidi au asiwe nayo, kwa sababu kifafa cha mimba kinawapata mara 2 hadi 4 zaidi ya wengine na wenye figo zilizowahi kuguswa ndio hasa. Zile ndogo za 75 mg, kimoja hadi viwili kila usiku baada ya kula, kuanzia wiki ya 12 na isipite wiki ya 16. Baada ya hapo mishipa ya kondo imeshajipanga na faida inapungua sana. Mimi napendelea viwili, 150 mg, hadi wiki ya 36. Mwenye antifosfolipidi anaanza hata kabla ya kubeba. Ongeza kalsiamu gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, igawanywe mara tatu, na isimezwe pamoja na FEFO (vidonge vya madini ya chuma na folik) kwa sababu inazuia madini ya chuma kufyonzwa. Zipishane saa mbili.

Heparini: kwa mwenye antifosfolipidi iliyothibitika na historia ya mimba kuharibika, enoksaparini 40 mg chini ya ngozi ya tumbo mara moja kwa siku, kuanzia mimba inapothibitika. Anajichoma mwenyewe, mfundishe: pembeni ya kitovu kwa umbali wa vidole vitatu, bana ngozi, sindano isimame wima, usisugue baada ya kuchoma. Aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni dozi yake ni kubwa zaidi, 1 mg kwa kilo mara mbili. Uchungu ukianza asijichome. Ganzi ya mgongo inasubiri saa 12 baada ya dozi ndogo na saa 24 baada ya dozi kubwa, kwa hiyo saa ya sindano ya mwisho iandikwe kwenye kadi. Baada ya kujifungua inarudi na kuendelea hadi wiki 6, wengine 12.

Sasa hudhurio. Kila safari: presha akiwa amekaa, mkono usawa wa moyo; kijiti cha mkojo; uzito; kimo cha mfuko wa uzazi; mapigo ya mtoto. Wiki mbili kwa mbili kuanzia wiki ya 20, kila wiki kuanzia ya 32 kama inawezekana. Damu (picha kamili, kreatinini, C3, C4, dsDNA) kila wiki 4 hadi 8. Utrasaundi ya ukuaji kila wiki 4 kuanzia ya 26, ikiwa na dopla ya kitovu. Sukari kwa gramu 75 za glukosi wiki ya 24 hadi 28 kwa sababu ya prednisoloni.

Kinachowasumbua hata mabingwa ni hiki: wiki ya 30, presha 150/100, protini +3, miguu imevimba. Lupasi ya figo imeamka, au ni kifafa cha mimba kinanukia? Dawa zake zinapingana. Lupasi unaongeza steroidi (kama prednisoloni) na kuvuta muda, kifafa unazalisha. Vinavyotofautisha: kabla ya wiki ya 20 hesabu ni lupasi. Hadubini ikionyesha vigae vya chembe nyekundu ni lupasi. C3 na C4 zikishuka na dsDNA ikipanda, lupasi. Lakini kumbuka mimba yenyewe hupandisha C3 na C4, kwa hiyo "kawaida ya chini" kwa mjamzito huenda tayari imeshuka, linganisha na ya mwanzo. Vidonda vya mdomo, viungo kuvimba, upele, vinaelekeza lupasi. Asidi ya yuriki kupanda, ini kupanda, kichwa kuuma kwa mbele, macho kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia: kifafa cha mimba. Chembe sahani hushuka kwa vyote viwili, usizitegemee. ESR (kasi ya chembe nyekundu kuzama) itupeni kabisa, mimba huipandisha bila ugonjwa. Na kreatinini ya 0.9 mg/dl ambayo kwa mwanamke asiye na mimba ni nzuri, kwa mjamzito inatakiwa ikushtue, maana figo zenye mimba huchuja zaidi na kreatinini hushuka.

Wakati mwingine vyote viwili vipo pamoja. Kwenye kituo cha afya hilo si la kuamua hapo. Presha 160/110 au dalili za kichwa na macho: magnesiamu salfeti (ya kuzuia degedege) dozi ya kuanzia, dawa ya kushusha presha, gari la wagonjwa. Angalizo kwa hawa: ile ya gramu 4 mshipani na 5 kila tako ni sawa kwa wengi, lakini akiwa kwenye enoksaparini au chembe sahani zipo chini, takoni itafanya uvimbe wa damu, mpe ya mshipa tu na mjulishe anayempokea. Figo zikiwa dhaifu dozi ya kuanzia haipunguzwi, zinazofuata ndizo hupunguzwa. Goti lisiporuka, pumzi zikiwa chini ya 16 au mkojo chini ya 30 ml kwa saa, simamisha. Kalsiamu glukoneti gramu 1 iwe karibu.

DktViungo

Kwenye SP nijibu mimi. Salfadoksini iko familia moja na kotrimoksazoli, na dawa za salfa kwa wenye lupasi zina sifa mbaya: mzio kwao ni mwingi na zinaweza kuamsha ugonjwa. Aliyewahi kutoka vipele au kuchubuka kwa salfa asipewe kabisa. Asiyewahi, muulize daktari wake kabla ya dozi ya kwanza, na uamuzi uandikwe kwenye kadi ili asikutane na vidonge vitatu kituo kingine. Akikosa SP, chandarua chenye dawa kila usiku na kupimwa malaria kila joto linapopanda.

Wengine watakuambia "si anakunywa klorokwini tayari, malaria haimpati." Hapana. Tanzania iliachana na klorokwini 2001 kwa sababu vimelea vilishaizoea, na haidroksiklorokwini ni ndugu yake wa damu. Malaria ikithibitika atibiwe mara moja, ila wajulishe yuko kwenye dawa hiyo, kwa kuwa dawa ya mseto ya malaria nayo inagusa mwendo wa umeme wa moyo.

Jambo la pembeni lakini limevunja amani ya nyumba nyingi: kipimo cha kaswende cha VDRL au RPR kinaweza kusoma chanya kwa mwenye antikadiolipini bila kaswende yoyote. Kile cha haraka cha kingamwili za vimelea vyenyewe hakidanganywi kirahisi hivyo. Kwa hiyo kwa mwenye lupasi RPR chanya irudiwe kwa kipimo hicho kabla mume hajaitwa. Na ukiikuta kwa mwanamke ambaye mimba zake zinatoka na hana ugonjwa unaojulikana, fikiria antifosfolipidi.

FEFO impeni. Folik ya 5 mg ya dukani isichanganywe na SP, inaipunguza nguvu.

Moyo_Mdogo

Mmesahau mtoto. Kama Ro au La ni chanya, kingamwili zinavuka kondo na zinaweza kuunguza njia ya umeme ya moyo wa kijusi. Hutokea kwa takriban watoto 2 kwa kila 100 wa mama mwenye Ro. Kama aliwahi kuzaa mwenye tatizo hilo, kwa mimba inayofuata inakaribia 16 hadi 18 kwa kila 100. Mama mwenyewe hahisi lolote, na wengine hawana hata lupasi.

Dirisha ni wiki ya 16 hadi 26. Eko (utrasaundi) ya moyo wa mtoto ifanyike kila wiki moja au mbili kipindi hicho pale ilipo huduma. Pasipo na eko, hata mkunga ana silaha: dopla ya mkononi au fetoskopu, kila wiki, ukihesabu dakika nzima. Kawaida ni 110 hadi 160. Njia ikifungwa kabisa utasikia 50 hadi 70, pole na yenye mpangilio. Kabla ya kupiga kelele shika mshipa wa mkono wa mama wakati uleule, usije ukawa unahesabu wa kwake. Njia iliyofungwa kabisa hairudi, watoto wengi huishia kuwekewa betri ya moyo, kwa hiyo azalishwe penye daktari wa moyo wa watoto.

Haidroksiklorokwini hapa tena ina kazi. Katika utafiti wa PATCH, kwa mama waliowahi kupata mtoto wa namna hiyo, marudio yalikuwa 7.4 kwa kila 100 walipotumia 400 mg kuanzia kabla ya wiki ya 10. Mfamasia hapo juu aliongelea macho, nakubaliana naye, ila kama Ro ni chanya na kuna historia hiyo, dozi ya mimba ijadiliwe upya.

Upele wa mviringo usoni kwa mtoto mchanga baada ya kuota jua unaisha wenyewe ndani ya miezi 6 hadi 8, kingamwili za mama zikiisha. Asipakwe madawa ya kienyeji, akingwe jua.

Mkunga_Mkata

Nimeandika yote. Swali la mwisho: kujifungua lazima upasuaji? Na kunyonyesha na hizo dawa?

Bingwa_Leba

Lupasi peke yake si sababu ya kisu. Akiwa ametulia, wiki ya 37 hadi 39 kwa njia ya kawaida, hospitalini. Anayemeza prednisoloni 5 mg au zaidi kwa wiki 4 na kuendelea, tezi zake za juu ya figo zimelala. Wakati wa uchungu au upasuaji apewe haidrokotisoni ya mshipa, na vidonge visikatwe. Presha kushuka baada ya kuzaa bila damu kumwagika, likumbuke hilo.

Presha hupanda tena siku ya 3 hadi ya 6 akiwa tayari nyumbani, kwa hiyo msimwambie arudi baada ya wiki sita. Siku ya 3, ya 7, kisha wiki ya 2. Ugonjwa nao hupenda kuamka miezi mitatu ya kwanza, na nywele kunyonyoka kwa mzazi wa kawaida hufanana nao, hivyo angalia mkojo. Mguu mmoja kuvimba na kuuma ni damu iliyoganda mpaka ithibitike vingine.

Mfamasia_Makorora

Kunyonyesha ruksa kwa haidroksiklorokwini, azathioprini, prednisoloni (ikizidi 20 mg asubiri saa 4 baada ya kumeza), heparini, wofarini, hata enalaprili inaweza kurudi. Mikofenoleti, metotreksati na siklofosfamidi hapana.

Uzazi wa mpango baada ya hapo: kijiti tena, au lupu (kitanzi) ya shaba. Vidonge vyenye estrojeni asipewe kama antifosfolipidi ni chanya au figo zimeamka. Sindano ya miezi mitatu inamaliza mifupa ambayo prednisoloni imeshaigusa, iwe ya mwisho kwenye orodha. Na kwenye barua ya rufaa andika LUPASI kwa herufi kubwa zinazosomeka, mkuu. Mwandiko ukiwa wa haraka inasomeka "lupu", na mapokezi watampeleka moja kwa moja chumba cha vitanzi.